Trei ya mayai, vifuniko vya maji na darasa la kwanza la watoto 96: shajara ya mradi

Hii ni shajara ya kutengeneza herufi za kushika mkononi kwa vifuniko vya chupa za maji, naiandika kwa walimu wenzangu wa darasa la kwanza, hasa wa shule za serikali, wale ambao Januari ikifika tumbo linaanza kukoroga. Naongeza kila hatua ikiisha. Mambo ya kawaida nayapitia juujuu, kilichogoma nakieleza kirefu ili wewe usipoteze hela kama mimi.

Desemba 28: wazo lenyewe

Niko Korogwe, mkoa wa Tanga, nimepangiwa darasa la kwanza tena. Kwa mwongozo darasa moja linatakiwa liwe na watoto 45, sisi mwaka uliopita tulivuka 90 kwenye chumba kimoja na sioni kwa nini mwaka huu iwe tofauti, maana majengo ni yaleyale na watoto mtaani ndo kwanza wanazidi. Nilichonacho ni ubao, chaki, chati moja ya herufi ya manila iliyopauka na vitabu vya kiada ambavyo watoto wanagombania.

Tatizo ninalotaka kulitatua ni dogo ukilisema ila darasani ni kubwa. Ukisimama na fimbo ya kuonyeshea ukagonga chati, darasa zima linaitikia "aaa, eee, iii" vizuri kabisa, hata mthibiti ubora wa shule akipita nje atasema darasa hili moto. Sasa mchukue mtoto mmoja wa nyuma mlete mbele, muonyeshe u peke yake nje ya mpangilio, anakuangalia tu. Alikuwa anaimba, macho yapo dirishani. Kwahiyo nataka kila mtoto ashike herufi kwa mkono wake mwenyewe kila siku, ndani ya kipindi cha dakika 30, na nisimchangishe mzazi hata mia. Hilo la mwisho sio hiari, tangu elimu bila ada ianze 2016 mwalimu ukianza kuomba omba hela ya manila kwa wazazi unajitafutia barua.

Malighafi tunayo Korogwe kuliko mahali pengi. Mabasi ya Arusha na Moshi yanasimama hapa abiria wanakula, chupa za maji zinatupwa kama hazina mwenyewe, na wapo watu wanaziokota na kuuza kwa kilo. Vifuniko vinatengwa pembeni. Nikamfuata mama mmoja anayekusanya, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka vifuniko tu sio chupa, akacheka akaniuliza navipika nini. Kilo moja 1,500. Vikajaa rambo nzima, mamia kwa mamia, ni vyepesi sana.

Kwa nini sio vizibo vya soda? Vinapatikana bure kila baa, lakini ule ukingo wa meno unakata vidole na vikikaa vinashika kutu. Kwa kuhesabia sawa kama utavigonga nyundo kwanza, ila kwa mtoto wa miaka sita kushikashika kila siku mimi sitaki kesi.

Januari 4: maka peni imegoma

Nimeosha vifuniko kwa sabuni na maji ya moto, nikaanika, nikakaa na maka peni nyeusi mbili (1,500 kila moja) nikaandika herufi zote. Zimependeza balaa. Nikampa mwanangu wa kuzaa achezee jioni, baada ya muda vidole vyake vyeusi na herufi nusu zimefutika. Jasho la mkono tu linatosha, plastiki ya vile vifuniko ni laini na inateleza, wino haushiki.

Nikajiongeza, nikanunua rangi ya kucha ile isiyo na rangi, 1,000, nikasema napaka juu iwe kama kinga. Usifanye hivi. Ile rangi ya kucha inayeyusha wino wa maka peni palepale, brashi ikipita herufi inavutika inakuwa doa la bluu-nyeusi, na brashi yenyewe inachafuka kwahiyo kifuniko kinachofuata nacho kinaharibika. 4,000 imeondoka hivyo.

Januari 8: msasa kwanza, rangi ya mafuta baadae

Fundi rangi wa hapa mtaani ndo kanipa jibu, akaniambia madamu plastiki bila kuikwaruza hakuna rangi itakayokaa hata ukinunua ya laki. Kwahiyo: msasa (karatasi mbili, 2,000), unasugua uso wa kifuniko mpaka ung'ao upotee, unafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kikauke. Halafu rangi ya mafuta, kopo dogo la robo lita, nyeusi na nyekundu, 5,000 kila moja. Irabu nyekundu, konsonanti nyeusi. Mafuta ya taa ya kusafishia 1,000.

Brashi hata ile ndogo kabisa ilikuwa nene, herufi e ilikuwa inajaa katikati inakuwa kama o iliyoziba. Nilichotumia mwishoni ni njiti ya kiberiti upande usio na baruti, unachovya kidogo unaandika. Polepole lakini inatoka safi. Acha ikauke siku mbili kamili hata kama inaonekana imekauka, kwa joto hili la Januari juu inakauka haraka, chini bado mbichi.

Jaribio la jasho na mate nimelifanya kwa mwanangu yuleyule. Imekaa.

Januari 11: trei

Swali lililokuwa linaniumiza ni utunzaji. Ukiweka vifuniko 30 kwenye kopo, mwisho wa kipindi utajuaje vimerudi vyote? Utahesabu makopo yote wakati kengele imegonga na watoto wanakimbilia uji? Thubutu.

Trei ya mayai ndo suluhisho. Ina vishimo 30, sita kwa tano, kifuniko cha chupa ya maji kinakaa humo vizuri tu. Kila herufi ina shimo lake, shimo likiwa tupu unaliona kutoka mlangoni. Wakaanga chipsi wanazo kibao, nimechukua 12 kwa 200 kila moja, jumla 2,400. Chagua zilizo kavu zisizo na yai lililopasuka, lile ganda la yai likikauka ndani mende wanahamia hapo na familia zao.

Mpangilio wa kwanza: herufi 24 tunazofundisha kwenye Kiswahili (ukitoa q na x, na c ikienda na h yake kama ch kwenye kifuniko kimoja), zikabaki nafasi sita, nikaongeza irabu zote moja moja na a nyingine juu. Jumla 30. Nimejiona mjanja.

Januari 17: wiki ya kwanza, trei zimelala kabatini

Wameandikishwa 71 mpaka leo na wengine wanakuja, kwa uzoefu mpaka Machi wazazi bado wanaleta. Sijagusa trei kabisa wiki hii na nashauri na wewe usiguse. Wiki hii ni choo kiko wapi, kunawa, kupanga mstari, kunyoosha kidole, kukaa watatu dawati moja bila kusukumana, na wale wanaolia mama zao wakigeuka getini. Mmoja alilia mpaka akapitiwa na usingizi, alivyoamka akauliza kama ni kesho.

Nilichofanya cha mradi ni viwili tu. Kwanza nimegeuza madawati mawili mawili yatazamane, kila jozi watoto sita, ndo kundi. Pili, nimempima kila mtoto peke yake kwa irabu tano nje ya mpangilio, nikiwaita mmoja mmoja wakati wenzao wanachora nyumba kwenye daftari. Kama robo hivi wanazijua zote, hao wengi wamepita darasa la awali vizuri. Wengine wanajua a tu. Na wapo waliokuja moja kwa moja kutoka nyumbani, penseli wanaishika kama mwiko wa ugali. Nimewachanganya, kila kundi lina angalau mmoja anayejua na mmoja asiyejua kabisa. Nisingewapanga kwa uwezo, nimeshaona inavyokuwa, lile kundi la wasiojua linabaki linajijua kuwa ni la wasiojua.

Januari 24: duara halina juu wala chini

Trei zimeingia darasani, irabu tu kwa kuanzia, mengine nimeyafunika na karatasi.

Siku ya kwanza tu kundi la dirishani wanabishana. Mmoja anasema hii u, mwenzake anayekaa upande wa pili wa dawati anasema hii en, madamu si en hii? Na wote wako sawa! Kifuniko ni mviringo, hakina kichwa wala miguu, u ukiigeuza ni n. Kisha nikakaa nikawaza mbele: m na w hivyohivyo, d ikigeuka ni p, b ikigeuka inakuwa kitu ambacho Kiswahili hakina. Na kwa namba 6 na 9. Yaani kwenye chati ya ukutani tatizo hili halipo kwasababu chati haizunguki, na hapa nimewakalisha wanatazamana, nusu ya kundi wanaona kila kitu kichwa chini.

Jaribio la kwanza, nukta nyeupe juu ya herufi. Watoto wakafikiri kila yenye nukta ni i, ikawa vurugu nyingine. Jaribio la pili ndo limekaa: mstari chini ya herufi, na wimbo mfupi wa "mstari chini, tumbo la dawati", maana yake mstari uwe upande wa tumbo lako. Rangi ilikuwa imeshaanza kunichosha, kwahiyo mstari nimeuchoma. Msumari wa nchi tatu umeshikwa na koleo, jiko la mkaa, unagusa kidogo tu plastiki inaingia ndani. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, ule moshi sio wa kuvuta, na watoto wasiwepo. Vifuniko 360 vimeniisha Jumamosi yote.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba mstari uliochomwa unasikika kwa kidole. Sasa mtoto anapapasa kwanza, anageuza, ndo anaangalia. Na wanapokaa upande wa pili wa dawati nimewaambia kila mtu atengeneze neno upande wake, sio katikati.

Januari 31: "bea"

Tumeingia konsonanti, m halafu b. M haikusumbua, unafumba mdomo unasema mmmm unaongeza a, "mmma". B sasa. Weka b, weka a, soma. Darasa: "be, a... bea!" Wale waliotoka awali na waliofundishwa nyumbani wamekariri majina ya herufi, a be che de, kwahiyo kila konsonanti imekuja na e yake mgongoni. Na ndo hao hao niliowategemea wasaidie wenzao, wanawaambukiza.

Sitaki kumlaumu mzazi aliyekaa na mtoto wake akamfundisha a be che de, ni upendo huo. Ila kwa kusoma ni gogo njiani. Nilichofanya: nimepiga marufuku majina ya herufi mpaka Pasaka. Kifuniko hakiitwi be, kinaitwa kwa sauti yake tu, fupi, midomo inapasuka mara moja bila irabu nyuma. Na badala ya kuweka b kisha a, tunaweka a kwanza, watoto wanaisema na kuivuta, "aaaa", halafu b inasogezwa kwa kidole kutoka kushoto mpaka inagonga a, na ikigonga tu wanatamka "ba". Kile kitendo cha kugongana ndo kimewafungulia. Sio wote, ila Alhamisi mpaka Ijumaa nilianza kusikia ba, bi, bu kutoka makundi ya nyuma bila mimi kusema.

Kwa t na k ni hivyohivyo, hizi sauti za kupasuka haziwezi kuvutwa. Ukianza na m, s, l, n unapata unafuu mkubwa. Ningeanza upya ningeweka m, s, l, n kabla ya b.

Februari 7: a zimekwisha, na kila ndugu ana konsonanti mbili

Hapa ule mpangilio wangu wa 24 na sita umeanguka vibaya.

Nimesema tutengeneze maneno tunayoyajua. Neno la kwanza kila kundi lilitaka lilelile: mama. Trei ina m moja. Haya, baba. B moja. Kaka, dada, bibi, babu, yaani ukoo mzima wa mtoto wa Kiswahili umejengwa kwa konsonanti kurudiwa, na mimi nimetengeneza trei ya herufi moja moja kama tunafundisha kamusi. Makundi yakaanza kukopeshana, trei ya tano imeazima m kwa trei ya sita, mwisho wa kipindi hakuna anayejua cha nani kiko wapi na ule uzuri wa kuona shimo tupu ukafa palepale.

Jioni nimechukua kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza nikahesabu ukurasa mmoja herufi kwa herufi. A peke yake zaidi ya moja katika kila tano. Jaribu na wewe ukurasa wowote, hata gazeti. Inayofuata ni i, halafu u. Na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwahiyo irabu hazitoshi kamwe.

Mpangilio mpya, ambao ndo nautumia mpaka sasa, uchukue kama ulivyo:

a tano, i nne, u tatu, e mbili, o mbili, hizo ni 16. Halafu m, s, l, n, k, b, t mbili mbili, hizo 14. Jumla 30.

Herufi nyingine zote zimekaa kwenye mfuko wangu, zinaingia kwa kubadilishana baadae tukishamaliza hizi. Kwa hizi tu unapata mama, baba, kaka, bibi, babu, bata, kiti, meli, embe, samaki, kalamu, kitabu, nanasi, mkate, simba, malaika. Inatosha wiki nyingi.

Ilibidi kurudi kwa yule mama, kilo nyingine 1,500, maana pia watoto wameshafika 96 na nahitaji trei nne zaidi. Muuza chipsi kanipa hizo nne bure, mwanae yupo kundi la tisa. Madawati yapo 26 tu, yanatosha makundi 13, yale matatu yaliyobaki yanakaa kwenye mkeka mbele kwa zamu, kila Jumatatu tunazungusha ili asiwepo mtoto wa mkeka wa kudumu.

Februari 14: wanajua kifuniko, hawajui herufi

Hii imenishtua. Kundi la nne lilikuwa linaenda kwa kasi ya ajabu, nasema k, mkono unaenda, k ipo juu. Nikaandika k ubaoni, kimya. Nikaangalia trei yao, k zao zote mbili ziko kwenye vifuniko vyeupe na katika trei ile konsonanti nyingine zote zipo kwenye vya bluu. Wamekariri nyeupe. Kundi jingine s yao ina alama ya meno ya mtu aliyefungua chupa, wanaitafuta ile alama. Watoto sio wajinga, wanatumia njia fupi iliyopo.

Marekebisho: kila herufi iwe na kifuniko cheupe na cha bluu, chenye alama yoyote ya pekee kitoke. Na kila Ijumaa trei zinahama, kundi la kwanza linachukua ya pili, la pili ya tatu, mpaka mwisho. Kisha kila tunachotengeneza kwenye dawati lazima kiandikwe kwenye daftari kabla ya kuvunjwa, hata kama mwandiko unapanda mlima. Hiyo ya daftari ingepaswa kuwepo toka mwanzo kwakweli, kuandika na kusoma vinaenda pamoja na mtaala huu ulioanza 2024 nao umevibeba hivyo, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mwanzo mwisho.

Februari 21: mmoja anatengeneza, watano wanashangilia

Kila kundi limeshapata bosi wake. Bosi anavuta trei upande wake, anatengeneza neno, anapiga kelele "madamu tumemaliza!", na wengine wanapiga makofi kama wapo mpirani. Nilijaribu kumteua kiongozi wa kundi agawe kazi, ikawa mbaya zaidi, sasa bosi ana cheo.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, dada mkubwa kwangu kiumri na kikazi, alikuja kukaa nyuma kipindi kimoja. Akaniambia, "Mdogo wangu, hao hawana kosa, kazi yenyewe mtu mmoja anaiweza. Wape kazi isiyowezekana na mtu mmoja."

Tukaipanga jioni ile. Sheria ni moja, mkono mmoja kifuniko kimoja. Trei inapita kuelekea kulia. Nikisema bata, wa kwanza anatoa b, anasukuma trei, wa pili a, wa tatu t, wa nne a. Wa tano anasoma kwa kidole kwa sauti, wakishaandika wote kwenye daftari wa sita anavunja na kurudisha kila kifuniko kwenye shimo lake. Neno linalofuata linaanzia kwa mwingine. Kwahiyo maneno ya herufi nne ndo matamu zaidi kwa kundi la watoto sita, na mtoto asiyejua kitu anaweza kuanza na kurudisha kwenye mashimo, ambayo yenyewe ni kulinganisha herufi, hajui kama anajifunza.

Bosi wa kundi la pili aligoma nusu saa nzima. Zamu yake ya kusoma ilipofika akalegea.

Februari 28: kelele

Vifuniko juu ya mbao, makundi 13, chini ya bati. Darasa la jirani wamelalamika na wana haki. Nimenunua viroba vinane vilivyotumika kwa 500, jumla 4,000, nikakata kila kimoja mara mbili, kinatandikwa juu ya dawati kabla ya trei. Ule ukingo wa kiroba unachanika nyuzi, uchome kidogo na mshumaa au ukunje. Kelele za vifuniko zimepungua sana. Za watoto zipo, hizo nimeshakubali.

Pia nimenunua kamba ya mkonge ya 2,000, huku kwetu mkonge ndo nyumbani, nikatoboa vifuniko vilivyobaki (msumari uleule) nikapanga kwenye kamba kumi vyeupe kumi vya bluu mpaka mia, imetanda ukutani. Kwenye kuhesabu sina la kuongeza, imefanya kazi siku hiyohiyo bila ubishi wowote. Hakikisha tu ipo usawa wa mikono yao na sio yako.

Machi 7: muti

Neno la leo, mti. Makundi 16, na nadhani 14 wameweka m-u-t-i. Nikasema mtu, wakaweka mutu. Mkate, mukate. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha tu, hakuna u hapo, toa. Wanatoa, wakisoma wanasema "mmm... ti", sawa, kesho yake wanarudisha u.

Ukikaa na kufikiria, mimi ndo nimewafundisha kwa wiki sita kwamba konsonanti haisimami peke yake, lazima igongane na irabu ndo itoe sauti, na sasa namwambia m hii inasimama peke yake. Halafu nyumbani kwa wengi lugha ya bibi ina hiyo u.

Kinachosaidia mpaka sasa ni makofi. Tunapiga neno kwa makofi kabla ya kugusa trei. M-ti, makofi mawili. Halafu nauliza, kofi la kwanza midomo imefumba au imefunguka? Imefumba. Basi u haipo, u inataka midomo iwe kama unapuliza moto. Wanajishika midomo kwa vidole wakati wa kutamka, darasa zima linaonekana kama wanaumwa meno. Leo makundi tisa wamepata mti bila mimi kuingilia.

Machi 14: gharama na yaliyobaki

Vifuniko kilo mbili 3,000. Maka peni 3,000 na rangi ya kucha 1,000, hizi wewe usinunue. Msasa 2,000. Rangi ya mafuta 10,000. Mafuta ya taa 1,000. Trei 2,400. Viroba 4,000. Kamba 2,000. Jumla 28,400, ukitoa zile zilizopotea ni 24,400 kwa watoto 96, yaani kama 250 kwa kichwa. Mwalimu mkuu amenirudishia 10,000 ya rangi kutoka kwenye ruzuku ya shule kwasababu nilikuwa na risiti, kwahiyo omba risiti hata kwa kitu cha 500.

Vifuniko vilivyopotea toka Januari havifiki kumi, na viwili kati ya hivyo vilirudishwa na mama mmoja aliyevikuta mfukoni akifua. Trei mbili zimelegea kwa maji yaliyovuja kwenye bati, masika yakikolea naona nitabadilisha karibu zote, kwa 200 sio mbaya.

Wengi sasa wanatengeneza na kusoma maneno ya silabi mbili. Kama kumi hivi bado wanahangaika na irabu, karibu wote ni wale waliochelewa kuandikishwa, hao nakaa nao kwenye mkeka dakika kumi kabla ya mstari wa asubuhi na trei yao yenye irabu tupu.

Wiki ijayo d, r, h, na w zinaingia, kwa shinikizo la watoto wenyewe maana wanataka kuandika majina yao na kina Ramadhani wamechoka kuazima. Dh, th, sh, ny nitaziandika kwenye kifuniko kimoja kama nilivyofanya ch, kikubwa zaidi, cha dumu la mafuta ya kula, ili ionekane ni sauti moja. Ambayo bado inanishinda ni ng' ya ng'ombe. Nimeichora kwenye vifuniko vitatu vya majaribio na kile kinukta cha juu watoto wanadhani ni uchafu, wameshakikwangua kwa kucha mara mbili. Nafikiria kukichoma na msumari kama ule mstari. Nikishajaribu nitaandika hapa chini.